Kabla Sijatia Saini

Riwaya yangu inatembea polepole. Mchapishaji ni mdogo, maduka yanayoiweka hapa Mombasa ni ya kuhesabu, na nakala nyingi nimeziuza mwenyewe mkono kwa mkono, nyingine kwa mkopo ambao wadeni wake wananikwepa hadi leo msikitini. Kwa hivyo mlipoanza kuniuliza kama ni kweli kitabu "kinatolewa sinema", nilijua habari imevujia kwenye harusi ya binamu yangu, maana ni pale tu nilipofungua mdomo.

Basi si uvumi. Kuna kampuni ya filamu, jina lake nitaliacha, inayotaka kukigeuza kiwe tamthilia ya televisheni. Mkataba wameleta. Pesa walizoandika si za kuchezea kwa mtu ambaye riziki yake ni kufuatilia kontena za watu pale Kilindini. Nami sijatia saini, na kila anayesikia ananiuliza kama niko sawa.

Niko sawa. Ila nimeusoma mkataba, na nimesoma pia yaliyowapata walionitangulia.

Kwa wasiokisoma kitabu (nanyi ni wengi, msijifiche): ni hadithi ya jini aitwaye Mwana Hidaya, anayekaa kwenye Mnara wa Mbaraki. Mnara wenyewe mnaujua, ule wa mawe ya matumbawe kando ya msikiti mdogo wa kale, chini kuna mibuyu, na kuuzunguka kumejaa magodauni na malori. Wazee wetu walikuwa wakipeleka ubani pale. Hadithi inasimuliwa na watu wanne: nahodha wa jahazi, mke wa imamu, mtoto anayeuza kashata getini, na askari wa zama za mkoloni. Kila mmoja amemwona Mwana Hidaya, na hakuna wawili waliomwona sawa. Nahodha anaapa ni mama mtu mzima aliyefungwa kanga ya bluu. Askari anasema ni msichana asiye na nyusi. Mtoto wa kashata hakuona sura kabisa, alichokiona ni mkono uliotoa sarafu ya zamani na kuchukua kashata mbili. Hadi ukurasa wa mwisho hujui kama ni jini mmoja au ni wanne, na hilo ndilo lililonikesha nikiandika.

Sasa kijana aliyetumwa na kampuni. Mpole, ana adabu, alishuka na treni kutoka Nairobi, tukakutana mkahawani siku ya Ijumaa baada ya swala. Aliagiza biriani ya kuku, mimi nikanywa chai. Kabla sahani haijafika akanifungulia tableti yake kunionyesha mchoro. Alikuwa mwanamke wa macho mekundu, moshi unamtoka kwenye nywele, kucha ndefu.

"Mzee wangu, huyu ndiye Mwanaidi wetu."

"Mwana Hidaya, mwanangu."

"Ndiyo, ndiyo. Mwanaidi Hidaya."

Akala biriani yake kwa raha akinieleza mpango. Watapiga picha Diani kwa sababu ufuo ni mzuri. Mbaraki, alisema, magodauni hayapendezi kwenye kamera. Wale wanne watapunguzwa wawe mmoja, mpelelezi kijana kutoka Nairobi, ili mtazamaji awe na mtu wa kumfuata. Mtoto wa kashata atakufa sehemu ya kwanza. Nikamuuliza, kitabu amekisoma? Akasema amesoma "yale ya muhimu".

Nilipofika nyumbani usiku ule nilimkumbuka mwandishi wa Kiingereza J. R. R. Tolkien, kwa sababu naye aliletewa Mwanaidi wake. Mwaka 1957 Wamarekani walimjia wakitaka kuifanya The Lord of the Rings iwe katuni, na mwaka uliofuata akasoma muhtasari ulioandikwa na mtu aitwaye Zimmerman. Barua alizoandika baada ya hapo zimechapishwa, na ni raha kuzisoma, hasa ukiwa na hasira zako mwenyewe. Boromir, mmoja wa wahusika, aliandikwa Borimor, tena si mara moja kwa kuteleza bali kila alipotajwa. Wale tai wakubwa ambao kitabuni hutokea kwa nadra, kwenye muhtasari wakawa wanaitwa kila safari inapochosha. Mapigano yakatiwa chumvi, na mwendo wenyewe wa wanaoibeba Pete ya uchawi, ambao ndio moyo wa kitabu, ukapitiwa juu juu. Tolkien aliona wazi kwamba bwana yule alikipitia kitabu mbio, kisha akaandika kwa kumbukumbu zilizochanganyika. Mradi ule haukufika popote.

Watu humtaja kama mzee aliyechukia sinema tu. Wanamwonea. Yeye na mchapishaji wake walikuwa na msimamo ambao dalali yeyote wa Marikiti angeuelewa: ama pesa, ama heshima. Ukitaka kukivuruga kitabu, lipa sawasawa. Ukitaka kukipata kwa bei ya chini, basi mwandishi awe na sauti. Mwaka 1969 haki zikauzwa kwa kampuni ya filamu ya United Artists, na alipofariki mwaka 1973 hakuwa ameona sinema hata moja ya kitabu kile. Aliyeziona zile zilizoongozwa na Peter Jackson ni mwanawe Christopher, na mwaka 2012 aliliambia gazeti la Le Monde la Ufaransa kwamba kitabu kimetolewa matumbo kikafanywa sinema ya mapigano ya vijana.

Pesa niliyoandikiwa mimi iko mahali pabaya, katikati. Kwangu ni nyingi, kwao ni kidogo, na heshima haimo.

Mimi mwenyewe hadithi ile ya Tolkien niliipata kibandani, kwa sinema za Jackson. Kisauni miaka ile kulikuwa na kibanda cha video cha mabati, na mtu wa maikrofoni akitufasiria Kiingereza kwa Kiswahili chake, akiongeza vituko vya mtaani. Gollum, kiumbe mmoja wa hadithi ile, alimpa jina la mkusanya madeni tuliyemjua sote. Tulicheka hadi mwenye kibanda akazima jenereta kututisha. Kitabu nilikuja kukipata baadaye sana, cha mtumba, hakina jalada. Nikakaa kukisoma nikitaka kuanza upya, na haikuwezekana. Kila Frodo, shujaa wake, anapofungua mdomo namwona Elijah Wood, aliyemcheza kwenye sinema. Nikifika penye maelezo ya mlima au msitu, najikuta nimeruka mistari, maana mlima nimekwisha uona. Sinema zile nazipenda, wallahi, nitazitazama tena kesho. Lakini kuna Frodo ambaye Tolkien alinitengenezea, na sijawahi kukutana naye.

Hapo ndipo penye hofu yangu, na ndiyo sababu sipendi kuambiwa "mbona hata Wazungu wakubwa waliuza?" Kitabu cha Tolkien kilitoka mwaka 1954 na 1955. Hadi sinema ya kwanza ya Jackson inafika mwaka 2001, kilikuwa kimekaa mikononi mwa watu karibu nusu karne, katika lugha chungu nzima. Mamilioni walikuwa na Frodo wao tayari, na sinema ilipokuja ilikuta kitabu kimesimama kwa miguu yake. Riwaya ya fantasia ya Kiswahili haina nusu karne wala hayo mamilioni. Tuna Kusadikika ya Shaaban Robert, nchi inayoelea angani, lakini wengi wetu tuliisoma kwa sababu ya mtihani. Tuna Walenisi ya Katama Mkangi ya mwaka 1995, mwana wa Pwani hii hii, iliyompandisha mtu chomboni ikampeleka sayari nyingine. Muulize kijana wa leo wa Likoni kama ameigusa. Katika hali hiyo, tamthilia ikitangulia haiji kukaa kando ya kitabu. Inakaa juu yake. Mwana Hidaya atakuwa yule wa macho mekundu, kwa watu wote, siku zote, na hata atakayekuja kukifungua kitabu atakifungua akimtafuta yeye.

Mwandishi ambaye natamani angekuwa hai nimwandikie barua ni Ursula K. Le Guin. Vitabu vyake vya Earthsea, cha kwanza cha mwaka 1968, mtu wa Pwani hahitaji kuelezwa. Dunia yenyewe ni visiwa. Watu wanasafiri kwa matanga, na mchawi anayejua kuita upepo ana kazi ya uhakika chomboni. Ged, shujaa wake, ana ngozi ya kahawia iliyoelekea wekundu, rafiki yake Vetch ni mweusi, na weupe ni watu wa visiwa vya pembeni huko mashariki, wavamizi. Nilipovisoma nilikuwa nikiwatia nyuso za watu wa Lamu na Faza bila kulazimisha chochote.

Desemba 2004 kituo cha Sci Fi cha Marekani kikaonyesha tamthilia yake, na Ged ni kijana mweupe. Le Guin alichapisha makala katika Slate mwezi ule ule. Alieleza kwamba rangi ile aliiweka kwa makusudi tangu mwanzo, na kwamba ingawa mkataba ulimtaja kama mshauri, walipoanza kazi hakuna aliyemtaka ushauri. Mimi hii ndiyo inayoniuma kuliko zote, kwa sababu ya nafasi iliyopotea. Mtoto wa Kizingitini angeweza kuwasha televisheni akaona mchawi mkuu wa dunia nzima, nahodha, mwenye rangi ya baba yake. Watengenezaji walikuwa nacho kitabuni bure, hawakuhitaji kubuni, wakakitoa.

Halafu kuna kisa chake na Wajapani. Miaka ya mwanzo ya themanini Hayao Miyazaki, mtengeneza katuni, alimwomba Earthsea, naye akakataa, kwa kuwa katuni alizozijua wakati huo zilikuwa za namna ya Disney. Miaka mingi baadaye akaona My Neighbor Totoro ya Miyazaki huyo, akabadili nia, akataka awe Miyazaki na si mwingine. Alichopata mwaka 2006 ni sinema ya mwana, Goro Miyazaki. Goro alipomuuliza ameionaje, Le Guin alimjibu kwamba si kitabu chake, ni sinema yake Goro, na ni sinema nzuri. Adabu hiyo ningeiomba Mungu anijaalie, sidhani kama ninayo.

Wengine nitawapitia mbio. Michael Ende alitaka jina lake kama mwandishi liondolewe kwenye The Neverending Story ya mwaka 1984, akaenda mahakamani, akashindwa. Roald Dahl hakuipenda kabisa sinema ya mwaka 1971 ya kiwanda chake cha chokoleti, hata akagoma kuwauzia kitabu kilichofuata. P. L. Travers, mwandishi wa Mary Poppins, alimzungusha Walt Disney kwa karibu miaka 20 kabla ya sinema yake kutoka mwaka 1964, na baada ya kuiona, alipokuja kuruhusu mchezo wa jukwaani, sharti lake lilikuwa asihusishwe mtu yeyote aliyefanya sinema ile. Kinyongo cha namna hiyo nilidhani kipo Mji wa Kale tu, kwenye kesi za mirathi.

Ukiwatazama hao, karibu wote walipiga kelele baada ya kalamu kupita. Na kalamu ndiyo kazi yangu. Bandarini, mwenye hati halisi ya shehena, ile tunayoiita BL, ndiye mwenye mzigo. Ukishaisaini nyuma ukampa mtu, hata kontena iwe na gari la marehemu babako, utalitazama likitoka geti la bandari na huna la kusema. Mkataba wangu niliusoma kwa jicho hilo. Kipengele kimoja kinawapa haki za pekee za hadithi "na wahusika wake wote", katika vyombo vyote vilivyopo na vitakavyobuniwa, duniani kote. Maana yake nikiandika kitabu cha pili cha Mwana Hidaya, huenda nikahitaji ruhusa yao. Kingine kinasema mabadiliko yoyote "ya kiubunifu" ni uamuzi wao. Kimoja kinanitaka nikubali kutodai haki zangu za heshima ya kazi. Hiki ndicho nilichokisoma nimesimama. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 2001 inampa mwandishi wa Kenya haki ya kupinga kazi yake ikipotoshwa kwa namna ya kumvunjia heshima. Wakili wao anaijua sheria hiyo vizuri, ndiyo maana kipengele kipo.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa fasihi, tumebishana naye barazani hadi kahawa ikaisha kwenye dele. Hoja yake ni nzuri, siwezi kuificha. "Wewe Liyongo umemjua vipi?" akaniuliza. Nikamwambia kwa nyanya yangu, kisha utenzi. "Nyanya yako alimsoma wapi? Kila mtu kamsimulia Liyongo kwa mdomo wake. Huku ametoroka gerezani kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate, huku kuna nyimbo zaidi, huku mama ndiye anayelia kisimani. Mwanawe kamdunga sindano ya shaba ya kitovu mara ngapi katika pwani hii? Na hajafa. Wewe jini wako ana nini hata asisimuliwe na mwingine?"

Nilikaa na swali hilo siku kadhaa. Kusimuliwa na mwingine mimi sina neno. Yule wa maikrofoni kule Kisauni angemchukua Mwana Hidaya akamfanya mkusanya madeni, ningelipa kiingilio nikamsikilize. Ila Liyongo hana mtu aliyemnunua. Aliyemsimulia jana hakumzuia wa leo, na utenzi wa Pate haukumnyamazisha nyanya yangu Mombasa. Mkataba huu unaleta msimuliaji mmoja na kuwafunga midomo waliobaki, nikiwemo mimi mwenye hadithi. Mwalimu alisema nimekuwa mwanasheria. Nikamwambia ni bandari.

Anayenipa moyo ni Gabriel García Márquez, ingawa sijui kama kitabu chake tukiite fantasia. Watu hupaa na mashuka, ije kuwa nini tena? Maisha yake yote aliwakatalia One Hundred Years of Solitude. Alipenda wasomaji waendelee kuwapa wahusika sura za jamaa zao wenyewe. Alifariki mwaka 2014. Wanawe walikubali baadaye, na tamthilia ikatoka Netflix Desemba 2024, imesemwa kwa Kihispania, imepigwa Kolombia, watoto wenyewe wakiwa miongoni mwa wasimamizi wa uzalishaji. Wapo watakaosema marehemu kasalitiwa. Mimi naona kule kukataa kwake miaka yote ndiko kulikoleta Kihispania na Kolombia. Angekubali mapema, nina hakika familia ile ingekuwa inazungumza Kiingereza cha California.

Kwa hivyo nimewajibu. Sikukataa, nimewaandikia masharti, kwa lugha ya heshima na kwa Kiswahili. Mbaraki ibaki Mbaraki, na magodauni yake. Mwana Hidaya achezwe na waigizaji wanne, wa Pwani, na kamera isituambie yupi ndiye. Wasimulizi wasipunguzwe, na mtoto wa kashata asife, maana kitabuni hafi na nimeshamuahidi mwanangu. Nione mswada wa filamu kabla haujapigwa picha, niwe na haki ya kukataa. Kitabu cha pili kiwe changu. Wasipoanza kazi katika miaka miwili, haki zinirudie bila kesi. Kile kipengele cha heshima ya kazi nimekikata kwa wino, nikaandika herufi za jina langu pembeni kama tunavyofanya kwenye fomu za forodha.

Kijana alipiga simu baada ya wiki. Magodauni wamekubali, kwa sababu imeonekana Diani ni ghali. Miaka miwili wanataka iwe mitano. Waigizaji wanne wanasema mtazamaji atachanganyikiwa. Nikamwambia ndiyo, ndivyo tunavyotaka. Kuhusu mswada, mkubwa wake "anafikiria". Bado anamwita Mwanaidi.

Shangazi yangu, ambaye nyumbani kwake ndiko ninakoandikia kwa kuwa kwangu kuna watoto, alikuwa akisikiliza mazungumzo yote huku akichambua mchicha. Yeye hakusoma kitabu, macho yamemchoka, nilimsomea mimi, na Mwana Hidaya wake anafanana na jirani mmoja wa zamani wa Kuze ambaye hawakupatana. Nilipokata simu nikamuuliza, "Shangazi, waonaje, nisaini?"

"Hao watu wakija Mbaraki watakuwa wangapi?"

"Sijui. Hamsini, sitini."

"Na watakula wapi?"

"Sijui, Shangazi. Watakuwa na mpishi wao."

"Mpishi wa Nairobi," alisema, akaweka ungo chini. "Hebu liandike na hilo kwenye masharti yako. Sufuria kubwa ninazo, za arusi ya marehemu dadangu, na wali wa nazi siwezi kushindwa."

Nimeliandika. Ni sharti la saba.